Bia Iliyoitwa Kipara

Baba Mdogo aliiuza Korongo, bia ya familia, siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, akarudi nyumbani akipiga mluzi, ameridhika kabisa na kazi yake.

Hakuwa mwizi. Hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia kisa hiki huwa wanamvika pembe. Korongo ilikuwa yake kama ilivyokuwa ya marehemu kaka yake. Waliianza pamoja. Kaka alikuwa fundi wa boila katika kampuni kubwa ya bia, akachoka kuamrishwa na watu wasiojua mvuke unavyokohoa kabla ya kuharibika, akaacha kazi. Akachukua majengo ya kiwanda cha sabuni kilichokufa, akatafuta sufuria kubwa la shaba lililokuwa limetupwa pamoja na vyuma chakavu, akalikwangua mpaka likang'aa. Mdogo wake alikuwa muuza baiskeli mwenye ulimi wa asali. Kaka akapika, mdogo akauza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyewahi kuigusa kazi ya mwenzake.

Hata jina lilipatikana kwa bahati. Mchoraji wa mabango aliambiwa achore tai, lakini shingo ikamshinda. Kila alipoisahihisha ilizidi kurefuka. Baba Mdogo aliitazama ile picha kwa muda, akasema basi, huyo ni korongo, tuendelee na mambo mengine. Korongo akachorwa amesimama kwa mguu mmoja, na wanywaji wakapata la kusema: siku utakapomwona amesimama kwa miguu yote miwili, lipa uende nyumbani.

Kaka alipofariki, jiko la bia likabaki mikononi mwa binti yake. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye vyeti tu. Watu wote walimwita Kimea, kwa sababu utotoni alizoea kulala juu ya magunia ya kimea, ile shayiri iliyochipuzwa ya kupikia bia, na baba yake alikuwa akimtafuta jioni kwa kufuata vumbi la shayiri sakafuni. Alikwenda kusomea upishi wa bia, akarudi na shahada. Lakini mdomo wake na pua yake vilikuwa vimeshafundishwa nyumbani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mrefu, mwenye tabia ya kuligonga tangi kwa kidole akipita, kama mtu anayebisha hodi.

Sasa alikuwa amekaa sebuleni na mama yake, wakimsikiliza Baba Mdogo akieleza alichokifanya. Kampuni kubwa imenunua jina, picha ya ndege, magari yote, na mikataba na mabaa. Majengo hawakuyataka; walisema masufuria wanayo ya kuwatosha. Kwa hiyo Baba Mdogo atachukua fungu lake, na kiwanda chote, mitambo na kila kilichomo, kinabaki kuwa cha shemeji yake na binti. Wakitaka wakigeuze ghala, wapangishe, waishi kwa raha.

"Watu hawanywi bia, mwanangu," alisema. "Wanakunywa jina. Jina jema hung'aa gizani. Mimi nimeuza kile kinachong'aa, tena kabla hakijafifia."

"Na bia yenyewe umemuuzia nani?" Kimea aliuliza.

"Bia gani?"

"Tunayopika. Namna ya kupika, ile chachu ya baba."

Baba Mdogo alifikiri. Alikuwa mtu mkweli katika mambo ya biashara. "Hiyo hawakuiulizia," alisema.

Kimea alimtazama mama yake. Mama alikuwa akimimina chai, na hakuacha kumimina.

"Basi bia ni yetu," alisema Kimea, akainuka kwenda kazini.

Baba Mdogo alidhani ni hasira, na hasira hupoa. Hakuwa amemjua vizuri. Kimea hakukasirika, au kama alikasirika, ilikuwa ile hasira ya mpishi aliyeambiwa kwamba wageni wanakuja kula sahani. Baba yake siku zote alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baba Mdogo naye alikuwa akimjibu kwamba kizuri kisipotembezwa huozea dukani. Walibishana hivyo maisha yao yote wakicheka. Kimea aliona wakati umefika wa kujua nani alikuwa na haki.

Madereva waliondoka na magari. Wa jikoni walibaki, na wa kuosha chupa walibaki pia, chini ya msimamizi wao, mama mmoja mfupi sana ambaye kila mtu alimwita Twiga. Mkataba wa mauzo ulikataza jina la Korongo, ndege mwenyewe, rangi zake, na chochote kinachofanana naye. Twiga na wenzake wakaloweka chupa kwenye maji ya moto, wakabandua lebo za zamani moja moja, na ndege wakaenda na maji mferejini wakiwa bado wamesimama kwa mguu mmoja.

Kilichobaki kilikuwa jina jipya, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Kila mtu alikuwa na lake. Wapishi walitaka mnyama mkali. Twiga alitaka jina la mjukuu wake wa kwanza, na alipokataliwa akapendekeza la wa pili. Mama alitaka bia iitwe kwa jina la marehemu mumewe, na hilo lilimgusa Kimea, lakini alikataa. Alisema baba alikuwa mtu wa haya. Asingependa kuagizwa kwa kreti, halafu alale chini ya meza za watu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na jina hilo likawekwa kando.

Bia nayo haisubiri kikao. Ilikuwa imeiva kwenye matangi, na bia iliyoiva ni kama mtoto aliyefika siku zake. Siku moja asubuhi Twiga alikuja ofisini akiwa amefuta mikono kwenye aproni, akauliza abandike nini.

"Usibandike kitu," alisema Kimea.

"Zitoke uchi?"

"Zitoke kama zilivyo. Watu watazipa jina wenyewe au watazirudisha."

Sheria ilitaka chupa ionyeshe nani ameitengeneza, kilevi chake ni kiasi gani na itaharibika lini. Wakachapisha hayo kwenye ukanda mwembamba wa karatasi, wakauzungusha shingoni kama kola ya shati. Tumbo la chupa likabaki tupu, kahawia, linang'aa. Mkaguzi alipokuja aliizungusha mkononi huku na huku, akasema sheria inataja cha kuandikwa, haitaji kiandikwe wapi, akaweka sahihi.

Mzigo wa kwanza ulikwenda kwenye baa ya pembeni mwa stendi, kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Kona. Alikuwa ameuza Korongo tangu meza zake zikiwa masanduku. Alizitazama zile chupa kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka.

"Mwanangu, mteja akiitaka atasemaje?" aliuliza. "Ataninyooshea kidole?"

"Mpe tu," alisema Kimea. "Akishakunywa atajua mwenyewe cha kusema."

Pale kwenye kona ya baa alikaa kinyozi, ambaye duka lake lilikuwa mlango wa pili, na ambaye yeye mwenyewe hakuwa na unywele hata mmoja kichwani. Wateja wake walimtania kila siku kwamba ameuza mtaji. Mama Kona akamwekea chupa moja mbele yake, bila maelezo. Kinyozi aliigeuza akitafuta lebo, akakosa, akamimina. Akanywa. Akanywa tena, taratibu, akaiweka glasi chini.

"Huyu namjua," alisema.

Kimea alikuwa amesimama karibu na kaunta, uso umetulia kama maji ya mtungini. Kinyozi alimaliza chupa ile, akainua mkono.

"Mama, niongezee huyo kipara mwenzangu."

Baa nzima ilicheka, na kwa kicheko hicho jina likawa limeshapatikana. Kesho yake mtu mwingine aliagiza Kipara. Kabla ya mwezi kuandama tena, madereva wa stendi walikuwa wakiiulizia kwenye mabaa ambayo Kimea hajawahi kuyakanyaga, na wenye mabaa hayo wakaanza kuja kiwandani wenyewe, wengine na pikipiki, wengine na mkokoteni.

Korongo nayo haikufa. Kampuni kubwa iliipika kwenye kiwanda chake kipya, ikaitembeza kwa matangazo na miziki, na huko mbali ambako watu hawakuwahi kuinywa ile ya zamani, ilinunuliwa sana. Kimea alinunua chupa moja, akaionja ofisini peke yake. Alitaka iwe mbaya, lakini haikuwa mbaya. Ilikuwa nyepesi, safi, kazi ya watu wanaojua kazi. Ila ilikuwa koti la baba yake limevaliwa na mtu mwingine, tena limemkaa vizuri. Akaimalizia, akarudi kwenye matangi yake, na tangu siku hiyo hakuwa na kinyongo na Korongo.

Kipara ilikua. Tangi jipya liliingizwa kiwandani kwa kuvunja ukuta, na Twiga akapewa mashine ya kuoshea chupa ambayo aliisimamia kwa mashaka kama mke mwenza. Mama ndiye aliyemwambia binti yake kwamba jina lile sasa ni mali, na mali huandikishwa. Kimea alicheka. Alisema jina wamelitoa watu, na watu watalilinda. Kusema kweli alikuwa ameanza kuvimba kidogo. Alikuwa ameshinda ubishi wa baba yake, na mshindi hapendi kukumbushwa hoja za upande wa pili.

Kisha Mama Kona akapiga simu. Wateja wananung'unika, alisema. Kipara imekuwa chachu, inaumiza kichwa, na jana fundi viatu ameirudisha nusu.

Kimea alikwenda mara moja. Alifungua chupa moja kutoka kwenye kreti, akainusa, na hakuhitaji kuionja. Haikuwa yake. Ukanda wa shingoni ulikuwa umechapishwa kwa wino uliokolea mahali na kufifia mahali. Mama Kona alieleza kwamba kuna jamaa mwenye ghala nyuma ya soko ambaye siku hizi analeta Kipara kwa bei nafuu, na yeye alidhani ametumwa na kiwanda.

Kimea alikaa kwenye kiti cha kinyozi, ambaye bado hakuwa amefika, akaitazama ile chupa. Chupa tupu, kahawia, inang'aa. Mtu yeyote angeweza kuijaza chochote. Alikuwa amejivunia kwamba bia yake haihitaji nguo, na sasa mwizi amekuja kuvaa uchi uleule. Mteja aliyeumwa kichwa hakuwa na makosa: aliomba Kipara, akapewa chupa yenye kipara.

Jioni alimweleza mama yake. Mama hakusema nilikuambia. Alisema tu kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Na kwamba yeye amechoka kulima, anataka kuvuna.

"Mimi na Baba Mdogo hatujagombana," alisema Kimea.

"Basi hamna sababu ya kutotembeleana."

Baba Mdogo alikuwa amefungua duka la viti. Kimea alimkuta amekaa kwenye kimojawapo, katikati ya viti vingine vingi ambavyo havikuwa na wa kuvikalia. Alikuwa amenenepa na amechoshwa na raha. Kimea alimwamkia, akaitikia, wakaulizana hali. Chini ya meza yake Kimea aliona chupa mbili tupu zisizo na lebo, zenye ukanda shingoni, na ukanda ulikuwa wa kweli.

"Unainywa?"

"Tangu wiki ya kwanza," alisema Baba Mdogo bila kuona haya. "Ulidhani nitaisusa bia ya kaka yangu?"

Kimea akamweleza yote, ya ghala nyuma ya soko na ya fundi viatu. Baba Mdogo alisikiliza akiwa amefumba macho, kama alivyokuwa akifanya zamani wenye mabaa wakimlalamikia. Alipoyafumbua, alikuwa mtu mwingine.

"Huyo jamaa wa ghala nimemsikia," alisema. "Ameshafika ofisi ya kusajili alama za biashara. Anataka kujiandikishia Kipara. Wamemwambia hilo ni neno la watu wote, wanataka waone na alama yenyewe, iliyochorwa. Sasa anatafuta mchoraji."

Kimea alisema alichokuja kusema.

"Baba Mdogo, uliposema wanakunywa jina, nilikuona huna akili."

"Najua. Uliinuka kabla ya chai."

"Bia bado ndiyo inayorudisha mtu baa. Hapo sibadiliki. Lakini bila jina hajui arudi kwenye ipi. Njoo uuze. Mimi nipike, wewe uuze, kama mlivyokuwa."

Baba Mdogo aliangalia viti vyake. Halafu alisimama, akachukua koti, na kufuli la duka alilifunga akiwa ameshaanza kuongea.

Walikwenda moja kwa moja kwa Mama Kona kufikiria alama. Kimea hakutaka lebo. Tumbo la chupa, alisema, libaki kama watu walivyolizoea. Baba Mdogo akasema basi ni kizibo, maana vizibo vya kuchapishwa haviagizwi na mtu wa ghala, vinatoka kiwanda cha vizibo kwa mkataba. Lakini kizibo ni kidogo, kitachorwa nini? Walikuwa bado wanabishana pale kinyozi alipoangusha funguo zake, akainama kuziokota, na utosi wake ukawaelekea wote wawili. Mviringo, unang'aa, umemulikwa na taa ya baa.

Baba Mdogo alimwita mhudumu akaomba kalamu.

Kinyozi hakutaka chochote kwa kichwa chake. Alisema kimekaa bure miaka mingi, sasa kimepata kazi. Sharti lake lilikuwa moja tu, masikio yachorwe madogo. Mchoro ukamalizwa siku ileile: kichwa kinachoonekana kwa juu, masikio madogo huku na huku, na neno Kipara likifuata ukingo wa kizibo. Asubuhi, mlango wa ofisi ya kusajili ulipofunguliwa, Baba Mdogo na Kimea walikuwa wa kwanza kuingia. Karani alisema mtu mwingine ameahidi kuja wiki hiyo na mchoro wake. Baba Mdogo alimwambia kwa upole kwamba akija, ampe salamu. Jina likaandikishwa kwa Mama na Kimea. Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyesema yeye asiwekwe; alisema anajijua, jina likiwa mkononi mwake atakuja kuliuza.

Vizibo vilipofika, Baba Mdogo alifanya alichozaliwa kufanya. Alizunguka baa moja baada ya nyingine, akikaa, akinywa kidogo, akiongea sana, akiacha neno moja kila mahali: isiyo na kichwa siyo Kipara. Wahudumu wakaanza kuwaonyesha wateja kizibo kabla ya kufungua. Wateja nao wakaanza kukidai. Chupa za ghala zilikaa kwenye makreti mpaka wenye mabaa wakazirudisha, na yule jamaa akahamia kwenye biashara ya maji. Fundi viatu aliomba radhi kwa yale aliyoyasema, ingawa alikuwa ameyasema kwa haki.

Mwaka uliofuata meneja wa kampuni kubwa alikuja kiwandani. Alikuwa kijana mwenye heshima, aliyevaa vizuri, na aliposikia harufu ya kimea mlangoni alisimama kidogo akaivuta, jambo lililomfanya Kimea ampende. Alionyeshwa jiko na matangi, akaonja bia moja kwa moja kutoka kwenye tangi, akakaa ofisini na Kimea na Baba Mdogo. Alisema kampuni ingependa kuinunua Kipara: jina, kizibo, kila kitu. Kimea alimshukuru akasema haiuzwi. Meneja akatabasamu, akasema hataki kutishia mtu, ila wako wanasheria kazini kwao wanaosema bia hii ina ladha ya Korongo, na Korongo ni mali yao.

Baba Mdogo alifungua mdomo. Kimea akamgusa mkono.

"Wakisema hii ndiyo ladha ya Korongo," alisema, "itabidi waeleze iliyomo kwenye chupa zenu ni ladha ya nani."

Meneja akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyefungwa bao zuri. Aliuliza kama hakuna kabisa kitu wanachoweza kuuziana.

"Kipo," alisema Kimea. "Hapa tunauza bia. Unataka kreti ngapi?"

Alinunua moja. Baba Mdogo akaibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akimsimulia njia nzima, na hawakuwa wamefika getini meneja alipoongeza ya pili.